Msumari, Bati na Gunzi

Bunduki ya kwanza niliyoishika ilikuwa mpini wa jembe. Babu aliupigilia msumari kwenye ncha moja, na karibu na ncha ya pili akafunga kipande cha bati alichokikata mfano wa herufi V. Ukanda wa tyubu ya baiskeli ndio uliokuwa kifyatulio. Zilibaki wiki mbili niripoti Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 ukarejeshwa 2013. Babu, aliyetoka kwenye mgambo mwaka 1978 akaenda vita vya Kagera, hakutaka nikajifunzie mbele ya afande jambo ambalo ningeweza kulijua uani kwetu.

"Lala kifudifudi, mke wangu."

Juu ya nguzo ya uzio alikuwa amesimamisha gunzi la mahindi. Nikalikodolea macho.

"Unatazama nini?"

"Gunzi, Babu."

"Basi umeshalikosa."

Jicho haliwezi kuona sawasawa kitu cha karibu na cha mbali kwa mara moja. Mlengaji huchagua, naye huchagua msumari. Kichwa chake kikae katikati ya mkato, usawa na kingo za bati, mwanga wa kulia ulingane na wa kushoto. Gunzi liachwe lififie kama kitu kilicho nyuma ya moshi. Alama hizo mbili zikiwa nusu mita kutoka moja hadi nyingine, kupotoka kwa milimita moja tu ni sentimita 20 umbali wa mita 100. Ndiyo sababu nausifu ufundi huu: shabaha iko mbali, lakini kazi yote iko chini ya pua yako.

Ikafuata pumzi. Ivute, itoe hadi nusu, ishikilie. Macho yakianza kuchoka usilazimishe. Pumua, anza upya. Kisha Babu akalaza sarafu ya shilingi 100 juu ya mpini. Nivute mpira polepole, kama akamuaye mbuzi mkali, sarafu isianguke. Siku ya kwanza ilianguka kila mara. Mlio, alisema, unatakiwa umshtue hata mwenye bunduki. Anayeungojea hukaza bega na kufumba jicho, na mtutu ukainama kabla risasi haijatoka.

Bibi akapita na ungo. "Mkimaliza vita vyenu, kuku wangu niwakute wote."

Siku moja nikamuuliza Babu kule Kagera alilenga nini. Akainama kuunyoosha msumari ambao haukuwa umepinda.

Kambini nilipewa risasi tano. Karatasi ilipoletwa, matundu yote matano yalikuwa chini, upande wa kushoto. Katikati palikuwa peupe. Niliporudi nyumbani baada ya miezi mitatu nilimsimulia kwa aibu.

"Yalikaribiana?"

"Kiganja kingeyafunika."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi unajua kulenga. Matundu yaliyokaa pamoja huhamishwa kwa kuisogeza kidogo alama ya bunduki. Yaliyotawanyika ndiyo yasiyo na dawa, ila kurudi hapa uani kulala kifudifudi."

Kisha akaung'oa msumari na kulifungua bati. Mvua zilikuwa zimeanza, na Bibi alikuwa anaudai mpini wake.