Mafundo ya Pindoni

Pesa za Idi mama huzifunga kwenye pindo la kanga, kila kitu na fundo lake: nyama, viungo, nyanya na nazi. Fundo dogo kuliko yote ni la nauli ya kurudi Temeke, na hilo haliguswi hata bei ya nazi ikiwa ya kubembeleza vipi.

Hesabu yake huanza na watu. Baada ya futari hututaja kwa vidole: sisi wanane, shangazi na wanawe wanne, babu na bibi, jirani yetu mjane. Kumi na sita. Kisha huongeza wawili "wa Mungu", wale watakaopiga hodi bila taarifa. Kilo moja ya mchele kwake ni watu sita, kwa hiyo pilau ya watu kumi na wanane ni kilo 3, na nyama nusu ya mchele, kilo moja na nusu. Miaka yote hiyo sijaona sinia likipungua, wala wali ukilala.

Kabla ya pilau kuna zakatul-fitri: pishi moja kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne, nasi nyumbani hukadiria kilo mbili na nusu. Mara wanane, kilo 20. Ndivyo nilivyojifunza kuzidisha desimali, nikiwa nimeshika mdomo wa gunia. Kilo 20 za maskini, kilo 3 za karamu yetu! Mzigo huo haubebeki kwa siku moja, ndiyo maana mchele huanza kuununua tangu Shaabani, kidogo kidogo, kabla wauzaji hawajausikia mwezi. Kinachongoja mwandamo ni kile tu kinachooza.

Mwaka huu nilimfuata Kariakoo. Buchani steki ilikuwa shilingi 14,000 kwa kilo, mchanganyiko 11,000. Nikaona mchanganyiko ni nafuu. Mama akaugeuza mkononi, akaukadiria: robo yake mifupa. Basi ile 11,000 inanunua robo tatu tu ya mnofu, na kilo kamili ya mnofu ingefika 14,600 na ushei. Steki ndiyo rahisi! Muuzaji naye akashika kisu. "Nikukatie steki, mama?"

"Nikatie mchanganyiko, mwanangu. Pilau haipikwi kwa maji matupu."

Mifupa nayo alikuwa ameitia hesabuni, kwa jina la supu. Ufundi wenyewe naupenda hapo: kujua tarakimu inasema nini, na kujua pia chungu kinataka nini.

Kwenye viungo, kipakti cha bizari nzima cha gramu 25 kilikuwa 500. Sisi tulihitaji viwili. Robo kilo ilikuwa 3,500. Akainunua robo, kwa kuwa alishazungumza na majirani wanne tangu juzi, na kila nyumba ingepata gramu 50 kwa 700. Mia tatu zikabaki kila nyumba, na kwetu zikawa kitunguu saumu.

Jioni aliimwaga bizari kwenye sinia, akaitenga mafungu matano, akiyasawazisha kwa mgongo wa kijiko mpaka yakalingana. Akayakagua, akainama tena. Akachota vidole vitatu kutoka fungu letu, akavidondosha kwenye la mjane, akaanza kufunga.