Laura Hakusema Kitu

Kuna kibanda umiza kimoja Tandika kilichorusha muvi ya Logan iliyotafsiriwa, na kila aliyetoka mle alikuwa anamsifia DJ aliyeitafsiri. "Huyu jamaa noma, kampa maneno hadi yule mtoto!" Ndiyo, kampa. Na hilo ndilo kosa lake.

Laura, yule binti mwenye makucha, anakaa zaidi ya nusu ya muvi bila kutamka neno. James Mangold, aliyeiongoza mwaka 2017, alimnyamazisha kwa makusudi. Mtoto anakula nafaka zake huku nyumba imezingirwa, anatoka nje na kichwa cha mtu mkononi, anaingia dukani kujaribu miwani, yote hayo kimya. Siku anapofungua mdomo na kummwagia Logan Kihispania mfululizo, unatakiwa ushtuke pamoja na Logan. DJ wetu alimpa kauli tangu anatokea: mara anadai chipsi, mara anamwita Logan mjomba, mara anatukana. Watu wakavunjika mbavu. Ilipofika zamu ya binti kuongea kweli, hakuna aliyegeuza shingo. Kwa nini washtuke, wakati kaongea tangu saa nane mchana?

Naandika haya kwa ajili ya wanaochagua muvi kwa kava na DJ kwa kelele. Muvi za mashujaa, za Marvel na za DC, ndizo zinazomuumbua DJ kuliko muvi zozote. Ya Kichina ya ngumi hata DJ wa kawaida atakuvusha: steringi kauliwa mwalimu wake, steringi analipa kisasi, tunakwenda nyumbani. Lakini muvi ya mashujaa ina watu ishirini, nusu yao wamevaa vinyago, robo wamekufa katika muvi iliyopita na wamerudi, na adui ana sababu zake ambazo usipozielewa unamwona kichaa tu. Hapo ndipo tunawatenganisha mafundi na wapayukaji.

Mambo madogo kwanza, tuyamalize. DJ akitaja jina lake na duka lake zaidi ya mara mbili kabla steringi hajatokea, chomoa flashi. DJ anayebana pua kuigiza sauti ya kila mwanamke hafai. Natasha wa Avengers si kichekesho, na Okoye wa Wakanda ndiyo kabisa. Anayembatiza Batman jina la mtaani naye hafai, ingawa Spider-Man kuitwa Buibui naruhusu, msiniulize kwa nini. Muvi ya mashujaa haitazamwi kwenye simu; inahitaji sabufa, hata ile iliyopasuka. Na usinunue tafsiri iliyotoka siku mbili baada ya muvi kuanza kuonyeshwa Mlimani City. Hiyo imetafsiriwa juu ya kopi iliyorekodiwa ukumbini kwa kamera. Utaona kichwa cha mtu kinapita mbele ya Thor akienda chooni, na DJ mwenyewe nusu ya maneno hakuyasikia. Kwa kuwa hakuyasikia, kayatunga.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mtazamaji wa kawaida hulipita kila siku. Yeye anasikiliza DJ anasema nini. Mjuzi anasikiliza DJ ananyamaza wapi, na akinyamaza mkono wake unafanya nini kwenye mikisa.

Tafsiri ina sauti mbili, ya DJ na ya muvi. DJ akitaka kuongea anaishusha ya muvi, akimaliza anaipandisha. DJ mvivu anaishusha mwanzoni na kuiacha hukohuko chini hadi majina yanapopanda, kwa hiyo saa mbili nzima unasikia muziki kama unatoka nyumba ya jirani. DJ wa kati anapandisha, lakini anachelewa: ngumi imeshatua, mtu ameshaanguka, ndipo mlio unakuja. Fundi anatoka kabla. Anafunga sentensi, anapandisha, halafu ngumi inatua yenyewe, kwa mlio wake uliotengenezwa na watu waliolipwa kwa kazi hiyo. Kati ya neno lake la mwisho na ngumi kuna nafasi ya pumzi moja tu. Ukishaanza kuisikia hiyo nafasi hutaweza tena kumvumilia DJ asiyekuwa nayo, na muvi nyingi ulizokuwa unazipenda zitakuharibikia. Pole.

Chukua Avengers: Endgame ya 2019. Muvi ya saa tatu, na kipimo chake kiko ndani ya dakika mbili. Kapteni Amerika amebaki peke yake mbele ya jeshi zima la Thanos. Ngao imevunjika, anafunga mkanda wake mkononi, anainuka. Sikioni mwake redio inakwaruza. Halafu sauti hafifu ya rafiki yake Sam inamwita, inauliza kama anasikia, kisha inasema: kushoto kwako. Mlango wa mwanga unafunguka, anatoka T'Challa na Okoye na Shuri, na baada yao dunia nzima.

Nimesikia tafsiri kadhaa za kipande hicho. Katika moja, DJ alikuwa anapiga kelele tangu Kapteni anainuka: mwanaume huyo anasimama jamani, hakubali, wanaume ndivyo tulivyo! Mkwaruzo wa redio haukusikika kabisa. Sam alipoongea, DJ akasema, "Kapteni, tumekuja, usiogope!" Kibanda kizima kilishangilia, maana Endgame hata ukiitafsiri kwa filimbi watu watashangilia pale.

Katika nyingine, ya DJ mmoja wa Mwananyamala ambaye siku hizi ameacha kazi na anauza vipuri vya pikipiki, kulikuwa na kimya tangu Kapteni anajiinua. Unasikia viatu vyake, unasikia mkwaruzo. DJ akaingia chini kwa chini, kama anaongea na mtu aliyelala: "Kapteni... ni Sam... unanipata?" Akatoka, akaacha mkwaruzo tena. Kisha: "Kushoto kwako." Akapandisha muziki hadi mwisho, hakusema neno jingine mpaka milango yote imefunguka. Baadaye Kapteni anawaita wenzake kwa sauti kubwa, halafu neno la amri yenyewe analitoa taratibu, karibu kwa kunong'ona. Yule wa kelele alilipayuka. Huyu wa Mwananyamala alilisema vilevile taratibu, na mzee mmoja nyuma yangu akasema "eeeh" kwa sauti ya kuridhika ambayo huwa naisikia msikitini tu.

Niliwahi kumuuliza anafanyaje. Alisema anaitazama muvi mara tatu. Mara ya kwanza anaitazama kama sisi. Ya pili anaandika maneno. Ya tatu anaizima picha, anavaa spika za masikioni na kusikiliza tu, akiweka alama kwenye daftari pale ambapo hatakiwi kuwepo. Nililiona daftari lenyewe. Alama za kunyamaza zilikuwa nyingi kuliko maneno.

Kwa nini "kushoto kwako" na si kitu kingine? Kwa sababu mwaka 2014, mwanzoni kabisa mwa The Winter Soldier, Kapteni anafanya mazoezi ya mbio Washington na kila akimpita Sam anamwambia hivyohivyo, kama bodaboda anayemtahadharisha mtu wa miguu. Ndipo urafiki wao ulipoanza. Miaka 5 baadaye Sam anamrudishia. DJ aliyetafsiri muvi ile ya 2014 "nipishe bwana", na ya 2019 "tumekuja", ameukata uzi. Na muvi hizi ni uzi mtupu. Kwa hiyo kanuni, na hii sijadili na mtu: sehemu ya pili itafsiriwe na aliyetafsiri ya kwanza, au na mtu aliyeisikiliza tafsiri ya kwanza mpaka mwisho. Ukisikia shangazi wa Spider-Man amegeuka mama yake kati ya muvi moja na nyingine, ujue umeuziwa kazi ya mtu aliyeanzia katikati.

Mtihani mgumu kuliko yote wa muendelezo ni Spider-Man: No Way Home ya 2021. Kina Peter Parker watatu wako juu ya jukwaa moja: Tobey Maguire, Andrew Garfield na Tom Holland. Wote Peter, wote Spider-Man, wote wanaitana Peter. DJ mwenye sauti moja amekwisha hapo. Fundi anampa Maguire pole ya mtu mzima, kwa sababu anaikumbuka Spider-Man 2 ya 2004, treni ile, abiria wakimbeba bila kinyago. (Na hiyo, kwa taarifa yenu, ndiyo muvi bora ya mashujaa kupata kutengenezwa. Wanaosema The Dark Knight nawaheshimu. Wanaosema kitu kingine wanywe maji.)

Kuna matapeli wa aina mbili. Wa kwanza anasimulia tunachokiona: anakimbia, anakimbia, anaruka, anapigwa. Tuna macho, ndugu yangu. Huyo Kiingereza hakijui na anajificha nyuma ya picha. Ukitaka kumkamata, mpeleke kwenye watu wawili wanaozungumza mezani. Wa pili ni mwizi. Anachukua tafsiri ya mwenzake, anabandika jingo lake pale sauti ya mwenye kazi inapojitaja, na kuisambaza Mbagala kama mzigo mpya. Mmoja alisahau kipande kimoja katikati, ikawa DJ anajitambulisha kwa majina mawili katika muvi moja. Wateja walidhani wametafsiri kwa kushirikiana, wakamsifu kwa umoja.

Kuna dhambi iliyo karibu na wizi: kukata majina ya mwisho. Kila mtu Dar anajua Marvel huficha kipande baada ya majina, na bado DJ anakata ili apate nafasi ya matangazo. Endgame haina kipande cha picha mwishoni. Ina mlio tu, nyundo inagonga chuma, ule wa Tony Stark akifua vazi lake la kwanza katika Iron Man ya 2008. Miaka 11 imefungwa kwa nyundo. Sijawahi kukuta tafsiri hata moja iliyouacha.

Na matangazo hayo, jamani. Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, alifariki Agosti 2020. Wakanda Forever ilipotoka 2022, baada ya mazishi mwanzoni, nembo ya Marvel inapita bila muziki wake, imejaa sura za Boseman, na upepo tu unavuma. DJ mmoja aliona hapo ni pa wazi, akatangaza namba ya simu na punguzo la kujaza flashi. Nilitoka nje.

Najua nitaambiwa wazee wetu nao waliongea sana. Ni kweli. Kizazi cha mikanda ya VHS na deki kililelewa na Lufufu, Derek Gaspar Mukandala, na Lufufu hakuwa bubu: alieleza, alitania, alitia chumvi. Lakini ile sauti nzito ilikuwa na adabu ya msimuliaji, ukifunga macho unajua nani anaongea na nani. DJ Afro wa Kenya namheshimu pia, ila yeye ni mchekeshaji aliyepewa muvi, na anayemwiga bila kuwa na kichekesho anabaki na makelele. Ukitaka kuona kazi hii inavyopaswa kupendwa, tafuta Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, kuhusu binti mgonjwa anayewaota mashujaa. DJ wa banda la video yumo ndani, na yumo kama binadamu. Enzi za Lufufu kibandani watu walikaa kwenye mabenchi mpaka mwisho. Leo nusu wako kwenye simu, na DJ anapayuka ili kushindana na simu zao.

Ruhusa ya kuongea mfululizo ipo, nisije nikaonekana mnoko. Morbius, Madame Web na ndugu zao hao DJ aongee tangu mwanzo hadi mwisho, hata bei ya nyanya Tandale aiseme, maana muvi zenyewe hazina lolote la kutusikilizisha.

Nina ombi moja kwa vijana wa maduka ya kuingizia muvi, kuanzia Temeke mwisho hadi Mwananyamala. Kwenye orodha zenu ukutani mnaandika jina la muvi, na pembeni "imetafsiriwa", basi. Andikeni na jina la DJ. Mteja akilipa ajue analipia mdomo wa nani.