Muulize Mdudu wa Mchangani

Walimu wenzetu wanajua jinsi vitabu vya sayansi vitungwavyo: mwenye elimu huketi mezani, huandika habari za maji na hewa, na mtoto huzikariri. Leo twataka kupima kazi ya watu waliojaribu kuiacha njia hiyo, yaani wale wa Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika, ulioitwa kwa kifupi APSP.

Asili yake ni ng'ambo. Mwaka 1961 wataalamu wa Marekani na wa Afrika walikutana Endicott House, katika jimbo la Massachusetts. Mmoja wa wakuu wao alikuwa Jerrold Zacharias wa MIT, ambaye tangu 1956 aliwakusanya wanafizikia watunge upya mafundisho ya shule za sekondari za kwao. Mwaka 1965 mkutano mwingine ulifanyika Kano, Nigeria, na APSP ikaanza; Kenya, Tanzania na Uganda zikawamo. Wageni na walimu Waafrika wakaketi pamoja warshani, wakatunga vijitabu vya kumwongoza mwalimu.

Katika vijitabu hivyo tumependa zaidi kile cha mdudu yule achimbaye kishimo mfano wa faneli katika mchanga mkavu, akajificha chini na kuwavizia sisimizi. Jina lake lasema, Muulize mdudu. Halisemi, Muulize mwalimu, wala, Tazama ukurasa wa nne. Ni mtoto gani wa kwetu asiyepata kuuchokoza mchanga ule kwa kijiti? Basi mchezo wa nyuma ya nyumba waingia darasani kwa heshima. Mbona anatembea kinyumenyume? Mchanga ukilowa, atachimba? Hayo hayahitaji mashine wala fedha, na jibu lake mdudu mwenyewe analo. Kusema kweli, vitabu vingi vya rangi nzuri tulivyoletewa havifikii hapo.

Wala si mapenzi yetu tu yasemayo. Eleanor Duckworth, aliyepata kuwa mwanafunzi wa Piaget, alipewa kazi ya kuupima mpango huo huko Kenya. Hakuwapa watoto karatasi ya maswali. Aliwatia chumbani penye vitu vingi akatazama watafanya nini. Waliofundishwa kwa mpango walivumbua mambo mengi zaidi ya kufanya, na walidumu nayo kwa kina zaidi kuliko wenzao.

Walakini hapa ndipo tunapogombana na watungaji. Walimjua mdudu, walimjua mtoto, lakini mtihani waliusahau. Nchini Kenya, mtoto yule aliyedumu na swali lake alingojewa na mtihani wa CPE, wa kuchagua jibu moja, na nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Mzazi aliyeuza mbuzi kwa ajili ya karo hataki kusikia habari za mchanga. Mwalimu naye, akiwa na watoto hamsini na mkaguzi mlangoni, ataukunja mkeka wa majaribio na kuandika ubaoni yatakayoulizwa. Tutamlaumu kwa uvivu? Hasha! Aliachwa peke yake kati ya mabwana wawili, na bwana mwenye mtihani ndiye mwenye fimbo.

Wengine hujibu kwamba mtihani ni jambo la serikali, si la watunga mafundisho. Hatukubali. Katika miaka ya 1970 CPE yenyewe ilianza kutengenezwa upya, maswali ya sayansi yakamtaka mtoto afikiri juu ya mambo ayaonayo nyumbani kwao. Kumbe iliwezekana! Kama watu wa Kano wangaliwaketisha watunga mitihani mezani pao tangu siku ya kwanza, yule mdudu angalipata kuulizwa katika shule nyingi zaidi. Mwaka 1970 kazi ilipokewa na chama cha Waafrika wenyewe, SEPA, chenye makao Accra. Vijitabu vilikuwa tayari, na mtihani ulikuwa palepale.