Styblo na Wagonjwa Wasiokuwamo Rejistani

Kati ya watu mlioanza kuwatibu kifua kikuu Januari hadi Machi mwaka juzi, wangapi wamepona? Katika miaka ya 1970 wizara nyingi za afya hazikuweza kujibu swali hilo. Zilijua vidonge vilivyonunuliwa na vitanda vilivyojaa, basi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za kipato cha chini kulijibu kwa taifa zima, kila robo mwaka.

Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977. Mshauri wake, Karel Styblo, alikuwa daktari kutoka Czechoslovakia ambaye mwenyewe aliwahi kuugua TB baada ya kufungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Mfumo aliousuka na Watanzania ulitegemea vitu vya kawaida: darubini, kadi ya mgonjwa, rejista ya wilaya, na mratibu wa wilaya anayezunguka zahanati kulinganisha kadi na rejista. Makohozi yalipimwa mwanzoni, kisha tena katikati na mwishoni mwa dawa. Kila jina lilifungwa kwa jibu moja kati ya sita: amepona na makohozi yamethibitisha, amemaliza dawa bila kipimo cha mwisho, dawa zimeshindwa, amefariki, ametoroka, au amehamia kwingine.

Nguvu ya mfumo huu iko kwenye asili, ile namba ya chini ya mstari wa sehemu. Asili ni wote walioandikishwa katika robo ile, na haipunguzwi baadaye. Mgonjwa akitoroka wiki ya tatu, jina lake linabaki kuhesabiwa pale pale na kuvuta asilimia chini. Ripoti ya matokeo nayo husubiri mwaka mmoja na zaidi tangu kundi liandikishwe, ili hata aliyeanza dawa siku ya mwisho ya robo awe amefikia mwisho wake. Kwa hiyo afisa hawezi kuonyesha waliopona peke yao na kunyamaza kuhusu wengine. Uchochoro uliobaki ni safu ya "amehamia", kwa kuwa wilaya inaweza kuwatupia humo watu ambao haikuwafuatilia. Ripoti ya robo ikifika mezani, safu hiyo ndiyo ya kusoma kwanza, kabla hata ya waliopona.

Hesabu hizo ziliamua mambo ya fedha. Dawa ya rifampisini ilikuwa ghali, na wafadhili waliogopa kuimwaga katika nchi maskini. Kuanzia mwaka 1982 Tanzania iliingiza tiba ya miezi 8 yenye dawa hiyo mahali pa ile ya miezi 12, na miwili ya mwanzo mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu, mara nyingi akiwa amelazwa. Makundi yaliyofungwa rejistani yakawezesha kulinganisha tiba hizo mbili. Ile fupi iliponya wengi zaidi, na ukigawa gharama kwa kila aliyepona, haikuwa ghali kama ilivyodhaniwa. Benki ya Dunia ilipotoa ripoti yake ya maendeleo mwaka 1993, tiba hiyo fupi ilitajwa miongoni mwa huduma za afya zenye faida kubwa kwa gharama ndogo, na Shirika la Afya Duniani likaueneza mfumo wenyewe kwa jina la DOTS.

Mwaka 1991 Baraza la Afya Duniani lilikuwa tayari limeweka malengo mawili: kuponya 85% ya wagonjwa wenye vimelea kwenye makohozi, na kugundua 70% ya wote walioko. Malengo haya yalitajwa kwa pumzi moja kwa miaka mingi, lakini hayakuwa ndugu. Lengo la kwanza lilikuwa na asili iliyoandikwa rejistani kwa majina. La pili lilihitaji idadi ya wagonjwa wote nchini, wakiwamo wasiojulikana, na hakuna aliyekuwa amewahesabu. Styblo alipendekeza njia ya mkato: pima watoto wa shule kwa kipimo cha ngozi cha tuberkulini, upate asilimia ya wanaoambukizwa kila mwaka, kisha kila 1% uihesabu kuwa takriban wagonjwa 50 wenye vimelea kwenye makohozi katika watu 100,000. Tanzania iliwapima watoto wake hivyo kwa awamu tangu mwaka 1983, na maambukizi yakaonekana kuzunguka 1%.

Wakati huohuo VVU viliingia. Wagonjwa walioandikishwa walipanda kutoka takriban 12,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi zaidi ya 60,000 katikati ya miaka ya 2000, huku maambukizi ya TB kwa watoto yakibaki karibu palepale. Kanuni ya 1% kwa 50 haikuweza kubeba hali hiyo, kwani uhusiano kati ya maambukizi na ugonjwa hubadilika tiba inapofupisha muda wa kuambukiza na VVU vinapoharakisha ugonjwa. Rejista zilisema kweli kuhusu waliomo, na asilimia ya kuponya ilikuwa ya kujivunia. Kuhusu waliobaki nje zilikuwa kimya.

Dawa ya ukimya huo ni kuwafuata watu wanakoishi na kuwapima. Tanzania ilifanya utafiti wake wa kwanza wa kitaifa wa namna hiyo, uliokamilika mwaka 2012, na makadirio ya wagonjwa yakapandishwa. Wa Kenya wa mwaka 2015 hadi 2016 unaeleza zaidi. Watu 63,050 walishiriki, wagonjwa 305 wakapatikana, sawa na watu wazima 558 katika kila 100,000, mara 2.5 ya kiwango kilichokuwa kikiripotiwa. Kati ya wagonjwa hao, 48% tu walisema wana kikohozi cha wiki mbili au zaidi, ilhali 88% walikuwa na picha ya kifua isiyo ya kawaida. Darubini iliwaona 46%, na mashine ya GeneXpert karibu 78%. Kati ya waliokuwa na dalili, karibu 65% hawakuwa wamekwenda popote kutafuta huduma.

Namba hizo zinaugusa mlango wenyewe wa rejista. Katika mfumo wa Styblo mgonjwa aliingia hasa kwa kuja na kikohozi na kuonekana kwa darubini, na kwa vigezo hivyo viwili zaidi ya nusu ya wale wa Kenya wasingepita. Basi tathmini ya wilaya isiishie kuuliza wangapi wamepona. Iulize pia wangapi walihojiwa kliniki, wangapi kati yao walipewa kikopo cha makohozi, na wangapi walirudi na majibu, maana hapo ndipo wengi hudondoka kabla ya kupewa namba. Kwa wale wasiokohoa, maswali hayo hayatoshi. Wanahitaji eksirei, na bajeti ya eksirei haimo katika gharama ya rejista wala ya darubini.