Mzuka Usiokubali Kafara: Uhakiki wa Riwaya ya Susan Hill

Riwaya ya The Woman in Black, iliyotungwa na Susan Hill na kuchapishwa Uingereza mwaka 1983, mara nyingi husomwa kama hadithi ya kutisha tu. Tamthilia iliyotokana nayo, ambayo ilichezwa London tangu 1989 hadi 2023, imeizidishia sifa hiyo. Hata hivyo, msomaji makini hatakosa kutambua kwamba chanzo cha kitisho chake ni haki aliyonyimwa mzazi.

Arthur Kipps, wakili kijana, anatumwa kutoka London kuhudhuria mazishi ya Bibi Alice Drablow na kuzikagua hati zake katika Eel Marsh House, nyumba ya pekee iliyozungukwa na kinamasi. Njia ya kuifikia hufunikwa maji yanapojaa. Mandhari haya si pambo. Maji yakijaa, Kipps hana pa kukimbilia. Ukungu ukitanda, husikia kigari cha farasi kikizama na mtoto akilia, wala haoni kitu. Taharuki inajengwa kwa sikio kabla ya jicho.

Siri inafichuka kwa barua. Jennet Humfrye alizaa nje ya ndoa, akalazimishwa kumtoa mwanawe alelewe na Alice, dada yake. Mtoto akafa kinamasini, mama akitazama dirishani. Tangu hapo, kila mzuka wake unapoonekana, mtoto mmoja hufa mjini. Hapa ndipo penye uzito wa riwaya: sauti ya mama huyu inasikika katika barua chache tu, nazo zinasomwa na wakili baada ya wote waliohusika kufariki. Alipokuwa hai hakuwa na wa kumsikiliza.

Ulinganisho na fasihi ya Kiswahili unafaa. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), maiti huonekana mahali pa mzimu, naye Bwana Msa akaufichua mkono wa binadamu. Kujua kunatosha kuimaliza hofu. Kipps naye anaijua kweli yote, akaondoka akidhani mambo yamekwisha; lakini baadaye mwanawe anauawa, na mkewe akafa kwa majeraha yake. Kujua hakukulipa deni.

Kwa sababu hiyo mfasiri atakabiliwa na tatizo kubwa. Mzimu hupelekewa sadaka. Pepo hupungwa, huulizwa anachotaka, akapewa. Maneno yote mawili yana ahadi ya suluhu. Jennet haulizwi, wala hakuna awezaye kumrudishia alichopoteza. Neno mzuka, lisilodokeza tambiko lolote, linaelekea kufaa zaidi.

Kasoro haikosekani. Wenyeji wa mji wamechorwa kijuujuu: wananyamaza kwa kuwa msuko unahitaji wanyamaze, na uchungu wa wale waliofiwa na watoto hauchunguzwi vya kutosha. Aidha, kwa kuwa msimulizi ni Kipps peke yake, Jennet anahukumiwa kuwa mwovu na mtu aliyedhuriwa naye.

Lakini huenda udhaifu huo wa mwisho ndio nguvu ya riwaya. Mwandishi hamtakasi mama huyu, wala hawasamehi waliompokonya mwanawe. Anamwachia msomaji mizani yenye dhuluma pande zote mbili, na watoto wasio na hatia katikati.