Iqaluit hadi Nuuk: kilomita 820, saa tano kwenye tiketi

Iqaluit, makao makuu ya Nunavut huko Kanada, na Nuuk, mji mkuu wa Greenland, hutazamana kuvuka Mlango-bahari wa Davis. Hakuna barabara inayotoka katika mji wowote kati ya hiyo miwili kwenda mji mwingine. Umbali wao ni suala la ndege, na unahesabika kwa kalamu na karatasi.

Yote miwili iko karibu na latitudo 64 Kaskazini, kwa hiyo kazi yote iko kwenye longitudo: Iqaluit ni digrii 68.5 Magharibi, Nuuk 51.7. Tofauti ni digrii 16.8. Kwenye ikweta digrii moja ni kilomita 111, na jumla ingekuwa kama 1,870. Lakini mistari ya longitudo inazidi kubanana kadiri unavyokaribia ncha ya dunia. Huko juu digrii moja imebaki kilomita 49 hivi. Zidisha, utapata takribani 820. Ramani ya Mercator huichora mistari hiyo sambamba, ndiyo maana bahari ile huonekana pana zaidi ya mara mbili ya ilivyo.

Sasa muda. Ndege ya pangaboi aina ya Dash 8 tuipe kilomita 500 kwa saa: dakika 98. Upepo wa kilomita 60 kwa saa ukiisukuma kwa nyuma, zinashuka hadi 88. Ukiipiga usoni, zinafika 112. Huko upepo mwingi wa juu hutoka magharibi, kwa hiyo mrejeo Iqaluit ndio mrefu. Ongeza dakika za kupanda, kushuka na kujipanga kutua, na saa mbili ni makadirio ya haki.

Anayesoma tiketi bila kuangalia majira atachanganyikiwa. Nuuk iko mbele kwa saa tatu. Ondoka Iqaluit saa nne asubuhi, utafika saa tisa alasiri. Rudi kwa kuondoka Nuuk saa sita mchana, utatua Iqaluit saa tano asubuhi ya siku hiyo hiyo, kabla ya saa uliyoondoka!

Hesabu hiyo yote ina maana pale tu ndege ya moja kwa moja inapokuwepo. Air Greenland iliianza safari hiyo mwaka 2012, ikaiacha, ikairudisha kiangazi cha 2024. Bila hiyo, msafiri hushuka kusini hadi Ottawa, avuke Atlantiki hadi Iceland, kisha arudi magharibi. Hata tukivuta mistari iliyonyooka kati ya vituo hivyo, ni zaidi ya kilomita 7,300, karibu mara tisa, bado hujalipia hoteli.

Wengi huulaumu uwanja wa ndege kwa safari hiyo kukatika. Mimi sikubali. Njia ya kurukia ya Iqaluit ilianza kama kazi ya jeshi la Marekani mwaka 1942, na mwaka 2006 Airbus iliipeleka ndege yake kubwa ya A380 huko kuijaribu kwenye baridi kali. Nuuk nayo ilifungua njia ya mita 2,200 Novemba 2024. Ile ya zamani haikufika hata kilomita moja, lakini Dash 8 ilitua bila shida. Kinachopungua ni abiria. Iqaluit ina watu 7,400 hivi, Nuuk kama 20,000, na biashara ya kila mji huelekea upande wake: mmoja Ottawa, mwingine Copenhagen. Kujaza viti 37 vya Dash 8 kila wiki, mwaka mzima, ndiyo hesabu ngumu kuliko zote.