Kinyota na Kiambishi: Kanuni za Kusahihisha Kiswahili katika Programu ya Moodle

Programu ya Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, imeenea katika vyuo vikuu vingi, vya Kenya vikiwemo. Mhadhiri wa lugha anayeitumia aweza kuitungia kanuni za namna mbili: za kupima jibu fupi la mwanafunzi, na za kumfungulia au kumfungia somo linalofuata. Hizi za pili, zilizoingia na toleo la 2.0 la mwaka 2010, huweza kutegemea alama zilizotolewa na zile za kwanza. Hapo kosa la upimaji halikomi katika orodha ya alama. Humzuia mwanafunzi mlangoni.

Upimaji wenyewe ni wa kulinganisha herufi. Mwalimu huorodhesha majibu anayoyakubali, na anapotaka kuacha nafasi huweka kinyota, ambacho husimama badala ya herufi zozote. Mpango huu hauisumbui sana lugha kama Kiingereza, ambayo aghalabu hubadili kitenzi mwishoni. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na ukanusho mbele ya mzizi, yaani pale pale ambapo kinyota hufagia.

Lichukuliwe zoezi la kukanusha sentensi "Mtoto amesoma kitabu". Mwalimu akiandika "Mtoto hajasoma kitabu" peke yake, mwanafunzi aliyejibu "Kitabu mtoto hajakisoma" hupata sifuri, ingawa ametumia kiambishi cha yambwa ipasavyo. Mwalimu akitaka kulegeza, akaandika "*soma kitabu", mambo huharibika zaidi: aliyenakili swali lenyewe hupata alama zote! Ukanusho, ambao ndio uliokuwa ukitahiniwa, umefagiliwa nje.

Kanuni bora yapatikana. "*hajasoma*" na "*hajakisoma*" hulinda kiini cha swali na kuuacha huru mpangilio wa maneno. Hata hivyo "Watoto hajasoma kitabu" hupenya, na hapo ndipo utaratibu wa orodha unapokuwa na maana, kwani programu huanza juu na kushika umbo la kwanza linalooana na jibu. Kanuni ya "*watoto*" yenye sifuri ikitangulia, hulizuia jibu hilo. Ikiwekwa chini, haifikiwi. "Mtoto hakusoma kitabu" nayo yastahili mstari wake, alama kiasi, na maelezo ya tofauti ya nyakati. Hayo yote ni maamuzi ya sarufi wala si ya mitambo, na idara inayomwachia fundi ayatunge imemkabidhi kalamu nyekundu mtu asiyeifundisha lugha hiyo.

Lisilosameheka ni kuifanya kanuni isiyojaribiwa kuwa kitasa. Moodle huruhusu majibu yote yatazamwe, kanuni irekebishwe, na jaribio lisahihishwe upya. Somo lifuatalo lisifungwe, basi, kabla mwalimu hajayapitia majibu ya kundi la kwanza. Humo ndimo yatakamoonekana maumbo sahihi ambayo hakuyawazia, na mengi yake huenda yakatoka kwa wanafunzi ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kwanza.